Sindano ya Seli Shina na Mgongo wa Mkulima wa Korosho

 Wasikilizaji wapenzi mlioko juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Makote na Newala mjini mpaka Kitangari na Mahuta, na ninyi mlioko Masasi chini ya vilima vya mawe, mpaka Lulindi na Ndanda,  nawaomba mtege masikio kwa kitambo, maana jambo nililo nalo usiku huu linagusa afya zenu na mali zenu kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni maumivu ya mgongo na kiuno, yale ya kudumu, ambayo mtu hulala nayo na kuamka nayo. Na pamoja nayo ni tiba mpya ambayo habari zake zimekwisha fika hata vijijini, nayo huitwa tiba ya seli shina. Nimeletewa swali na kijana mmoja wa upande wa Newala. Anasema baba yake anaumwa mgongo miaka mingi, amekwisha meza vidonge vya kila rangi, amechuliwa, amechanjwa, na kwa sasa hawezi kukaa kitako muda wa kumaliza chakula. Hivi karibuni amekuja mtu akawaambia kwamba ng'ambo iko sindano moja tu, ya seli shina, ambayo huurudishia ujana mgongo uliochakaa. Gharama yake ni kubwa, na ili ipatikane wazee wa ukoo wamekaa kikao kushauriana juu ya kuuza shamba la mikorosho. Kijana anauliza: Je, ni kweli? Na je, tuuze?

Nitayajibu maswali yote mawili, wala sitayazunguka. Tiba ya seli shina ni ilimu ya kweli, haina uchawi ndani yake wala uzushi. Walakini kwa maumivu ya mgongo ya kudumu bado haijathibitika kuwa dawa, na shamba la mikorosho lisiuzwe kwa ajili yake. Hilo ndilo neno langu la leo. Sasa nawaomba tufuatane polepole, ili kila mmoja ajue kwa nini nasema hivyo, maana mgonjwa akikatazwa jambo bila ya kuelezwa sababu, huona kwamba amenyimwa.

Tuanze na mgongo wenyewe. Ni nani katika sehemu zetu asiyeyajua maumivu yake? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hapana maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao. Nami nikizitazama kazi za huku kwetu, sioni ajabu. Mtazameni mama anayeokota korosho mwezi wa Oktoba. Miguu yake imenyooka, na kiwiliwili amekiinamisha kutoka kiunoni hata kichwa kimekaribia magoti. Mkono wa kushoto umeshika bibo lililoanguka, wa kulia unaisokota korosho mpaka inaachana na bibo, inatupwa ndooni, na kabla hajainuka amekwisha ona nyingine hatua moja mbele yake, basi haoni faida ya kuinuka, huendelea vivyo hivyo, ameinama, kutoka mti huu mpaka mti ule, hata jua la saa sita limkute. Miezi michache kabla ya hapo mwanamume wa nyumba ile ile alikuwa amebeba mgongoni mashine ya kupulizia, injini yake ikitetema juu ya uti wake wa mgongo, tangi limejaa salfa ya unga ya kuzuia ubwiri unga, akipita chini ya matawi alfajiri kabla ya upepo kuamka. Kisha huja magunia ya kubebwa begani mpaka ghalani, na kina mama wabanguaji wakaketi chini kutwa nzima, shingo na mgongo vimepinda.

Wala tusiyasahau maji. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, ambaye alikaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyokuwa mbali na makazi ya watu wa uwandani. Bibi zetu waliteremka gengeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Na ijapokuwa mradi wa mabomba ulianzishwa katika miaka ya 1950, wasikilizaji wengi wanaonisikia sasa hivi wanayajua majira ambayo ndoo hubebwa mwendo mrefu. Basi mtu akisema mgongo wake umechoka, nasi tumsadiki. Maumivu yake ni ya kweli, na anayemtafutia dawa anafanya jambo la heri.

Mgongo huo umejengwaje? Ni pingili za mifupa zilizopangana kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga, na baina ya pingili na pingili pana kisahani ambacho matabibu hukiita diski. Ukingo wake ni nyuzi ngumu zilizopishana, na kati yake kuna ute mzito wenye maji mengi. Kazi ya diski ni kupokea uzito na kuuruhusu mgongo kupinda na kunyooka. Umri unapokwenda, maji yale hupungua, diski ikawa nyembamba, na wakati mwingine ukingo wake hupasuka. Mgonjwa akipigwa picha ya MRI, huambiwa diski zake zimechakaa, naye hutoka pale amesawijika, akidhani amehukumiwa.

Nawaomba hapa msikilize kwa makini, kwa kuwa biashara yote ya sindano hii imesimama juu ya jambo hili. Watafiti walikusanya picha za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, watu wanaotembea, wanaolima, wanaocheza na wajukuu zao. Waliona nini? Katika wenye umri wa miaka 50, wanane katika kila kumi walikuwa na diski zilizochakaa. Wanane katika kumi, na hawaumwi! Ni dhahiri basi kwamba kuchakaa kwa diski na kuumwa mgongo ni mambo mawili ambayo mara hukutana na mara hayakutani. Maumivu yaweza kutoka katika misuli, katika vifundo vidogo vya nyuma ya pingili, katika mishipa ya fahamu, au katika mambo kadhaa kwa pamoja. Na aghalabu, hata kwa tabibu hodari mwenye vyombo vizuri, haiwezekani kuweka kidole mahali pamoja na kusema hapa ndipo yanapotoka. Anayekuuzia diski mpya amekwisha chukulia kwamba diski ndiyo inayokuuma. Muulize amejuaje.

Sasa tuje kwenye seli shina. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno zenye uhai, zisizoonekana kwa macho, nazo ndizo seli. Seli ya ngozi kazi yake ni ngozi, ya mfupa ni mfupa, ya damu ni damu. Lakini zimo seli nyingine ambazo hazijafungwa na kazi moja: zaweza kujizidisha, na zaweza kuzaa seli za namna mbalimbali kwa kadiri mwili unavyohitaji. Hizo ndizo seli shina. Mwaka 1961, katika mji wa Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch walidhihirisha kwa majaribio ya panya kwamba seli za namna hiyo zimo ndani ya uloto, ule ute uliomo katika mifupa. Baadaye sana, mwaka 2006, Mjapani Shinya Yamanaka, ambaye mwanzo wa kazi yake alikuwa daktari wa mifupa, alizichukua seli za kawaida za ngozi ya panya akazirudisha katika hali ya uchanga, na mwaka 2012 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Haya si mambo ya kubeza. Ni katika mambo makubwa ambayo akili ya mwanadamu imeyafikia.

Tena hatuna haja ya kuvuka bahari kuiona faida yake. Mwishoni mwa mwaka 2021, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikatangaza upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu, maradhi ambayo yamezitesa nyumba nyingi za pwani na bara. Kupandikiza uloto ni kupandikiza seli shina. Basi Mtanzania hana sababu ya kuambiwa kwamba ilimu hii iko ng'ambo pekee, na kwamba lazima apande ndege ndipo aione.

Mtauliza: ikiwa watoto wa selimundu wanatibiwa kwa seli shina, kwa nini mgongo wa mzee wetu usitibiwe nazo? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Selimundu asili yake imo katika uloto wenyewe, ambao unatengeneza damu yenye kasoro. Mgonjwa akiondolewa uloto ule na kutiwa seli shina nzima za ndugu yake, seli zile huingia katika mshipa wa damu, zenyewe zikasafiri mpaka ndani ya mifupa, zikatulia mahali pake pa asili, zikaanza kazi zilizoumbiwa. Hapo chakula kipo, hewa ipo, damu inapita.

Diski haina neema hiyo. Katika mwili wa mtu mzima hapana kiungo kikubwa kama hicho kisichopitiwa na mishipa ya damu. Chakula chake hupenyeza kidogo kidogo kutoka katika mifupa ya juu na ya chini yake. Hewa humo ni haba, na uchachu ni mwingi, na kadiri diski inavyochakaa ndivyo hali inavyozidi kuwa ngumu. Kutia seli changa ndani yake ni sawa na kupanda miche juu ya uwanda wetu wakati wa kiangazi, mahali pasipo kisima: mbegu yaweza kuwa bora kupita zote, na mpandaji akawa hodari, lakini mizizi itakunywa nini? Hata seli zenyewe pengine hazikai. Katika majaribio ya sungura yaliyochapishwa mwaka 2012, seli zilizochomwa ndani ya diski zilivuja nje, na mahali pale pakaota vichomozo vya mfupa ambavyo hakuna aliyevitaka.

Narudia, ili aliyechelewa kufungulia redio naye asikie: ilimu ni ya kweli, uloto unaponya maradhi ya damu, ila diski ni mahali pengine kabisa, na kufaulu kule hakutoshi kuwa ushahidi wa huku.

Ushahidi ni upi basi? Ni kuwapima watu. Kampuni ya Mesoblast ya Australia ilifanya jaribio kubwa kwa watu 404 waliokuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu kutokana na diski. Wengine walichomwa seli, na wengine maji ya chumvi matupu, na mgonjwa hakujua amepewa nini. Mwaka 2021 matokeo yakatangazwa, nayo ni haya: lengo kuu ambalo jaribio lilijiwekea halikufikiwa. Yalionekana matumaini kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao maumivu yao hayakuwa ya miaka mingi mno, na kwa sababu hiyo jaribio jingine kubwa likaanzishwa mwaka 2024. Huko Ulaya nako wagonjwa 114 walijaribiwa kwa seli za uloto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba seli ziliishinda sindano ya kuigiza. Watafiti hao nawaheshimu sana, kwa kuwa wamesema kweli hata pale ambapo kweli haikuwafaa. Lau ingekuwa wauzaji wa sindano wana nusu ya insafu hiyo, nisingekuwa na haja ya kuzungumza nanyi usiku huu.

Lakini wako watakaoniambia: bwana, mimi namjua mtu aliyechomwa akapona! Nami siwezi kumwita mwongo. Nitawaeleza tu jinsi mambo yanavyokwenda. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Kuna mwezi wa mateso na kuna mwezi wa nafuu. Mtu huitafuta tiba ya gharama lini? Huitafuta maumivu yanapokuwa yamefika kileleni, na kilele hakikaliwi milele. Hata asingefanya lolote, huenda wiki chache baadaye angeona unafuu. Fauka ya hayo, aliyesafiri mbali, akapokewa kwa taadhima, akalazwa kitanda cheupe na kuchomwa sindano na mtu mwenye koti jeupe, huyo moyo wake umetulia, misuli yake imelegea, na amepumzika kazi nzito kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana katika majaribio hata waliochomwa sindano ya kuigiza wengi wao walisema wamepata nafuu. Nafuu yao ilikuwa ya kweli. Ila haikutoka kwenye seli. Na tena, aliyetoa mali nyingi asipone huona haya kusema. Mliowasikia ni waliopona. Waliorudi vile vile wamenyamaza.

Ningependa sasa kuzungumza juu ya biashara yenyewe, na hapa sitaficha kwamba moyo wangu una uchungu. Wako wanaouza vijipakiti vya unga, wakisema ndani yake mna seli shina za tofaa na za zabibu, na kwamba ukikoroga katika maji na kunywa kila siku mgongo utajengeka upya. Wasikilizaji wapenzi, seli ya tunda ukiimeza hufika tumboni ikasagwa na kuyeyushwa vile vile inavyoyeyushwa embe au papai. Haiondoki tumboni ikaenda kuwa diski. Hilo halihitaji hata majaribio. Mtu anayemuuzia mjane unga wa namna hiyo kwa fedha ambayo ingemlipia mtoto sare na madaftari, amemdhulumu.

Kisha wako wanaochoma sindano za kweli, katika zahanati zao za ng'ambo, kabla ya idhini ya wasimamizi wa dawa. Usidhani kwamba nchi tajiri zimesalimika. Mwaka 2018, huko Marekani, watu 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitalini kwa maambukizo ya vijidudu baada ya kuchomwa dawa zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu cha watoto, nao wengi walikuwa wamekwenda kutafuta nafuu ya viungo na ya mgongo. Chupa walizoletewa zilikuwa na vijidudu ndani yake. Mtu alikwenda na maumivu, akarudi na maumivu pamoja na usaha. Ikiwa haya yametokea katika nchi yenye maabara kila mahali na sheria nyingi, mgonjwa wetu aliyechomwa mbali, akarejea Newala baada ya siku tatu, nani atamjua alichotiwa? Karatasi aliyopewa imeandikwa kwa lugha asiyoijua, na tabibu wa wilaya hana namna ya kuuliza.

Sasa shamba. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kuzaa kwa miaka mingi, akaula aliyeupanda, na mwanawe akaula. Kwa mkulima wa Newala na Masasi, mikorosho ndiyo pensheni yake na ndiyo bima yake, na ndiyo ada ya shule ya wajukuu. Ukiiuza kwa ajili ya sindano ambayo walioipima kwa uaminifu bado hawajaona kwamba inaponya, umeyatoa mambo matatu kwa tamaa ya jambo moja. Kijana uliyeniandikia, nenda kwa wazee wako kwa heshima, usiwabishie mbele ya watu, waombe tu kwamba shauri liahirishwe, na kabla ya kukaa tena mzee apelekwe hospitali, apimwe kwa jambo ambalo nitalitaja sasa hivi.

Nalo ni hili: si kila maumivu ya mgongo ni uchovu wa kazi. Kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi huujua kwa kikohozi, huweza kuingia katika pingili za mgongo na kuzila, bila ya mgonjwa kukohoa hata mara moja. Mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza tangu mwaka 1779, na hata leo umo kati yetu. Mgonjwa huwa na maumivu yasiyotulia hata akiwa amelala, homa za jioni, jasho la usiku, na mwili unaokonda. Na mtoto au kijana huanza kuota kibiongo, watu wakasema karogwa. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Bure! Hebu fikirini: mtu auze shamba kwa sindano, ilhali kilichokuwa kikila mgongo wake kilikuwa na dawa isiyolipiwa hata senti. Na sindano ile ikichomwa katika mgongo wenye kifua kikuu, siku zinazopotea ni siku ambazo mifupa inaendelea kuliwa.

Ziko na dalili nyingine ambazo hazingoji kesho. Mgonjwa wa mgongo akianza kuona miguu inakosa nguvu, au ganzi imeshika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au anashindwa kukojoa, au haja inamtoka bila ya kujijua, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, kwa maana mishipa ya fahamu inabanwa na tiba ikikawia huenda isipone. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka mtini, aliyewahi kuugua saratani, na mwenye homa. Hospitali ziko: ipo ya wilaya Newala, ipo Mkomaindo pale Masasi, ipo ya watawa wa Ndanda, ipo Ligula mjini Mtwara, na ipo ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na jambo likizidi, kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo imesimama kwa sheria tangu mwaka 1996. Nchi hii ya Masasi imezoea matabibu tangu zamani, tangu Dkt. Leader Stirling alipofika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, yeye ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya. Hatuanzi leo kuijua hospitali.

Na yule ambaye amepimwa, akaonekana hana kifua kikuu wala jambo jingine la hatari, yaani wengi wetu, yeye afanye nini? Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno ya kudumu, na ndani yake hamna kitu cha kumfanya mtu auze shamba. Linashauri mazoezi yanayolingana na mtu mwenyewe, kuelimishwa juu ya mgongo wake, kuchuliwa na kunyooshwa na aliyefunzwa, kusaidiwa moyo na fikra, na dawa za kutuliza kwa kipimo. Mikanda ya kiuno, ambayo naiona inauzwa katika kila gulio, haishauriwi kuwa tiba ya kawaida. Vidonge vya diklofenaki vinavyomezwa mwaka mzima bila ya tabibu huweza kuunguza tumbo na kudhuru figo. Na kulala kitandani majuma kwa majuma hudhoofisha misuli ile ile ambayo mgongo unaitegemea.

Mazoezi yenyewe hayataki chombo. Mwenye mkeka na alale chali, akunje magoti, nyayo ziguse chini, kisha anyanyue makalio taratibu mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, ahesabu mpaka tano, ashuke polepole. Afanye mara nane au kumi, asubuhi na jioni, na kila siku atembee mwendo anaouweza, kesho azidishe kidogo. Siku za kwanza ataumia kiasi, na hilo lisimtishe. Maumivu ya misuli inayoamka hayavunji kitu. Nafuu haiji kwa wiki moja, huja kwa miezi. Najua ni vigumu kumwambia aliyeteseka miaka kumi kwamba angoje miezi, na huenda hapo ndipo wauza sindano wanapotushinda: wao huahidi siku moja.

Kazi nazo zaweza kupunguziwa ukali. Mama anayeokota korosho akunje magoti badala ya kuvunja kiuno, na kila amalizapo mti mmoja asimame, ashike kiuno kwa mikono miwili, ajinyooshe nyuma mara tatu ndipo aende mti wa pili. Wabanguaji wakalie vigoda, na kazi iwekwe juu ya meza fupi. Jembe liwe na mpini mrefu. Gunia libebwe na watu wawili. Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi mnaonisikia, mkinunua toroli moja kwa kila ghala mtakuwa mmeviokoa viuno vingi kuliko sindano zote nilizozitaja.

Kabla sijawaaga, kuna jambo kwa wale ambao shauri limekwisha pita na tiketi imekwisha katwa. Msiende kabla ya kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi: seli hizi zimetoka kwa nani na zimetayarishwa wapi? Ni mamlaka ipi ya serikali iliyoidhinisha zitumike kwa mgongo, na si kwa maradhi mengine? Ikiwa ni majaribio, kwa nini nalipa, ilhali katika majaribio ya kweli kwa kawaida mgonjwa halipii dawa inayopimwa? Na nikipata homa nikiwa nyumbani, nani atanitibu, na kwa gharama ya nani? Mwenye dawa ya haki hatachukia kuulizwa.

Na aliyekwisha chomwa, akiwa sasa yuko nyumbani na amepata homa, au baridi ya kutetemesha, au maumivu yaliyozidi ya mwanzo, au mahali pa sindano pamevimba, asione haya na asifiche. Aende hospitali usiku huu huu, achukue karatasi zote alizopewa hata kama haziwezi kusomeka, na amwambie daktari waziwazi: nilichomwa sindano mgongoni, mahali fulani, tarehe fulani. Daktari hatamlaumu, atamtoa damu, atampima, na ataanza matibabu mapema. Nanyi jamaa zake mfuatane naye, msimkumbushe fedha zilizokwenda.